Njaa Iliyomtoka Bonifasi

Shemeji yangu Bonifasi nilimpunguzia suruali kiunoni mara tatu katika mwaka mmoja, na mara zote tatu nilimfikiria vibaya. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, upande wa sokoni kunakouzwa vitenge. Kazi hii inakuzoesha kudhani kwamba ukishampima mtu kifua na kiuno umeshamjua. Nina ulimi pia, sijifichi. Mama yetu alikuwa akisema kwamba Wilfred akinyamaza, basi amelala.

Dada yangu Leonia aliolewa kwa sababu ya ugali. Bonifasi alikuja kwetu Simbo kusindikiza mahari ya rafiki yake, akaandaliwa chakula pamoja na wageni wengine. Wenzake walikula kwa adabu ya ugenini, wakabakiza. Yeye alimaliza ugali wake wa muhogo, akamaliza na wa jirani yake, halafu akamtazama Leonia aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, akamuuliza kama jikoni kumebaki chochote. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Miezi minane baadaye alirudi kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na miwili baada ya hapo hakula chakula cha mchana mahali pengine. Alikuwa mtunza samaki katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa, hapa hapa Kigoma, na nyumba yao iko Ujiji. Wenzake walikula kwa mama lishe pale getini. Yeye alipanda baiskeli, jua la saa saba likimpiga kisogoni, akaenda kwake. Leonia alikuwa akiweka maji jikoni kwa kukadiria, na akisikia kengele ya baiskeli ndipo anaposonga ugali, ili uwe wa moto. Migebuka mikavu, wale samaki wa ziwa letu, mawese, ugali. Bonifasi anakula kimya, kichwa chini, na Leonia anakaa pembeni anamtazama. Nimeona wanawake wengi wakisifiwa kwa maneno matamu. Dada yangu alisifiwa kwa sahani tupu, na akaridhika nayo kuliko maneno.

Kisha Bonifasi akaugua. Kulikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa chakula, ule unaokaa juu ya utumbo, na katika hospitali ya rufaa, mbali na Kigoma, waliuondoa mfuko wote. Koo wakaliunganisha moja kwa moja na utumbo. Leonia alikuwa naye siku zote zile. Daktari akawaambia: ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, atafune sana, uzito usishuke. Wakatoka pale wakimshukuru Mungu, na walikuwa na haki ya kushukuru. Jambo moja tu hawakuambiwa, au waliambiwa kwa lugha ambayo haikuwaingia.

Miezi ya kwanza Leonia alipika vyakula vya mgonjwa, na Bonifasi alivila, au alionekana kuvila. Alipopata nguvu akarudi kazini. Akaanza kuchelewa mchana. Baadaye akaacha kuja. Jioni Leonia anaandaa, yeye anakaa mkekani, anamega tonge, anatafuna na kutafuna kama mtu aliyetiwa mchanga mdomoni, kisha anasogeza sahani na kumwambia mkewe, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "Nimeshakula kazini, Mama Dunia."

Nimeshakula kazini. Kwetu mwanaume akimwambia mkewe hivyo mara moja, amechoka. Akimwambia kila siku, anamwambia kitu kingine.

Leonia alinijia kibandani siku moja, akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri mpaka nikamaliza kushona pindo. Halafu akauliza, "Wilfred, chakula changu kimeharibika?"

"Kimeharibika vipi?"

"Sijui. Naonja kila siku. Mimi naona ni kilekile."

Ningeweza kunyamaza. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Lakini wiki ile mteja mmoja alikuwa ameniambia kwamba Bonifasi ana bakuli lake maalumu kwa Mwanvua, yule mama lishe wa pale getini, bakuli la bluu ambalo mtu mwingine haruhusiwi kulishika. Nikamwambia dada. Sikumwambia kama nilivyoambiwa, nilitia chumvi. Nikamalizia na hekima yangu ya kibandani: mwanaume asiyekula kwake, anakula kwa watu.

Alinyanyuka, akanishukuru. Kushukuru kwake ndiko kunakoniuma mpaka leo. Jioni ile alimuuliza mumewe amekula wapi, mumewe akajibu kazini. Akamuuliza kwa Mwanvua? Akasema ndiyo, kwa Mwanvua. Asubuhi Leonia alifunga nguo zake, akaenda Simbo kwa mama.

Wiki tatu baadaye Bonifasi alikuja kwangu na suruali kwa mara ya tatu. Nilimpima. Alianza na kiuno cha inchi thelathini na sita, sasa nilisoma ishirini na nane, na futi ilikuwa imekaa juu ya mifupa. Nilisema moyoni kwamba mapenzi ya nje yanakausha. Yeye akauliza, "Mama Dunia hajambo?"

"Nenda kamuulize mwenyewe."

"Nitaendaje, shemeji? Nikifika wataniandalia chakula."

Nilidhani ananidhihaki. Mtu anaogopa kwenda kwa mkewe kwa sababu atapewa chakula. Nilimrudishia suruali, nikakataa kazi, kisha nikaichukua tena kwa aibu. Usiku huo sikuwa na raha, na kesho yake, saa nne kasoro asubuhi, nilifunga kibanda nikaenda kumfumania.

Kituo chenyewe ni nyumba ndefu ya bati, ndani mna matangi ya vioo yamepangwa kwa safu, na mashine za hewa zinabubujika. Getini jiko la Mwanvua lilikuwa linawaka lakini mwenyewe hakuwapo. Vizuri, nikasema, nimewapata pamoja. Nilimkuta Bonifasi ameinama mbele ya tangi moja, wako wawili tu, yeye na binti wa chuo kikuu anayeitwa Catherine, ambaye alikuwa ameandika namba kwenye vioo na kushika daftari.

"Shikamoo, baba," yule binti akanisalimu. Fumanizi langu likapungua nguvu kidogo.

Bonifasi hakushtuka. Alinionyesha kidole kwenye kioo. "Mtazame huyu, shemeji. Ana siku ya tisa hajala."

Alikuwa samaki mdogo wa pwani ya ziwa, jike, rangi ya mchanga, hana hata uzuri wa kusifia. Kidevu kilikuwa kimevimba. Taya lilikuwa linakwenda, polepole, hivi na hivi.

"Mbona anatafuna?" nikauliza.

"Hatafuni. Ana mayai mdomoni, anayageuza yapate hewa. Wiki mbili atakaa nayo hivyo mpaka watoto waweze kuogelea. Ukimtupia chakula kinapita mbele ya macho yake, anakiacha." Akapangusa kioo kwa kidole. "Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwona mmoja wa hivi, nikadhani mgonjwa. Nikamtilia dawa, nikamfukuzafukuza na kijiti ili ale. Akayatema mayai yote, yakafa. Nilitaka kumsaidia."

Nikamuuliza Catherine, kwa sababu mimi nikikasirika lazima niulize kitu, samaki anawezaje kukaa na njaa siku zote hizo. Akasema ndiyo kazi iliyomleta Kigoma, na kwamba swali langu limekosea mahali pamoja: pengine njaa yenyewe hana.

"Njaa haianzi tumboni na kuishia tumboni," alisema. "Tumbo likiwa tupu, ukuta wa mfuko wa chakula unatengeneza homoni. Ile homoni inaingia kwenye damu, inapanda hadi ubongoni, inabisha hodi. Chini kabisa ya ubongo kuna chembe zinazoisikia. Zikiisikia, zinatoa protini fupi fupi, sisi tunaziita peptidi, na hizo ndizo zinazokufanya uache kazi utafute sahani. Jirani yao kuna chembe nyingine, zina peptidi za kusema basi, imetosha. Mafuta ya mwilini nayo yana homoni yake ya kutuliza. Panya, mbuzi, samaki, mtu, mpango unafanana sana."

"Na huyu?"

"Huyu mfuko wake mzima. Lakini akishika mayai, ubongo unaipunguza ile sauti. Angeisikia yote angewameza wanawe. Inapunguzwaje hasa, hilo bado natafuta."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nikamtazama shemeji yangu, nikaona naye ananitazama, akisubiri nifike mwenyewe pale alipokwishafika. Mimi si mwepesi hivyo. Ilibidi niulize.

"Na mtu aliyeondolewa mfuko?"

Catherine alimwangalia Bonifasi kwanza, na Bonifasi akaitikia kwa kichwa. "Baba Dunia ubongo wake hauna kosa," akasema. "Mlango wake uko wazi. Mpiga hodi ndiye aliyeondoka. Sehemu kubwa ya ile homoni ilikuwa inatoka kwenye mfuko waliouondoa."

"Itarudi?"

"Wapo ambao hamu inawarudia kidogo kidogo, maana macho na pua na mazoea navyo vina njia zao. Wapo ambao hairudi. Siwezi kumwahidi."

Wakati huo simu ya Bonifasi ililia kengele mfukoni, na Mwanvua akaingia na bakuli la bluu. Uji wa ulezi, kama vijiko kumi. Mama mnene, mkongwe kuliko dada yangu, shungi limekaa upande. Akanitambua kabla sijajitambulisha.

"Wewe ndiye fundi? Nimesikia unasema namlisha mume wa mtu. Kweli, namlisha. Saa yake ikilia namletea, nasimama hapa mpaka amalize. Kliniki wamemwambia akishuka chini ya kilo hamsini watamlaza, wamlishe kwa mpira. Juzi alikuwa hamsini na moja. Ulitaka nimwache?"

Nilijishughulisha na kofia yangu. Bonifasi alikunywa uji ule kama mtu anayejaza fomu, kijiko, anasubiri, kijiko. Alipomaliza, Mwanvua alichungulia bakuli na kuondoka bila kuniaga.

"Kwa nini kwake unakula na nyumbani huli?" nikamuuliza.

"Kwake nikibakiza, anawamwagia kuku," akasema. "Kwa Leonia nikibakiza, anabaki ananitazama."

Tulitoka nje, tukakaa juu ya mtumbwi wa zamani uliopinduliwa. Ziwa lilikuwa shwari. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona maneno ni makubwa kuliko mdomo wangu, kwa mara ya kwanza maishani. Yeye ndiye aliyezungumza.

"Naitamani, shemeji. Watu wanamwomba Mungu awaondolee njaa, mimi namwomba anirudishie. Nilikuwa nikishuka ule mteremko wa kuingia Ujiji tumbo linanguruma mpaka naona haya, kama kuna mtu anasikia. Nilikuwa nakanyaga pedali kwa hasira. Siku hizi naenda makusudi sokoni wanapokaanga migebuka. Nasimama. Harufu naipata yote, haijapungua hata kidogo. Lakini hainiiti. Ni kama kusikia watu wanaongea nyumba ya pili."

Nilimwambia kesho yake tunakwenda Simbo, na kwamba nitasema ukweli wangu mbele ya mama. Alikataa. Nikamwambia kilo moja iliyobaki si ya kukalia, na kama anataka Leonia aje kumtunza kitandani na mpira puani, sawa. Ulimi wangu una faida zake.

Tulifika Simbo saa tano asubuhi, kila mmoja na bodaboda yake. Mama alikuwa anaanika muhogo. "Mwakeye," akatusalimu, na hakumtazama mkwewe usoni, kwa heshima na kwa hasira pia. Leonia alitoka jikoni akifuta mikono. Alipomwona mumewe alivyokonda alisimama. Kisha akarudi ndani. Nikasikia sufuria.

Nilimfuata. Nilimweleza yote pale kwenye moshi, habari ya homoni, ya bakuli, ya chumvi niliyotia. Aliendelea kusonga ugali. Nilipomaliza akasema, "Toka, nipakue."

Mwanaume akiandaliwa ukweni hakatai. Akikataa chakula amewakataa wenye nyumba, na hapo hakuna mazungumzo tena. Bonifasi alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anaogopa kuja. Leonia aliweka sahani mbele yake: ugali wa muhogo, maharage yenye mawese. Sahani ya zamani, ya Bonifasi wa zamani, imejaa. Nilidhani hajanielewa. Sasa najua alikuwa anataka kuona kwa macho yake.

Akaanza. Alimega tonge dogo kama harage, akachovya, akatafuna. Mama alijifanya anapepeta kitu. Akamega jingine. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Baada ya tonge la kumi na kitu, chakula kikiwa hakina tena mfuko wa kukipokea, jasho likamtoka. Kwanza kwenye paji la uso, halafu shingoni, shati likashika mgongo. Midomo ikawa na rangi ya majivu. Niliona mshipa wa shingo unakwenda mbio. Akafumba macho kidogo, akashika mkeka kwa mkono wa kushoto ili asiyumbe, na mkono wa kulia ukarudi kwenye sahani.

Leonia alikuwa amekaa pembeni, palepale alipokaa miaka ishirini na miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Aliinama akaichukua sahani.

"Bado sijamaliza," Bonifasi akasema.

"Nimeona."

"Naweza kuongeza, nipumzike tu kidogo."

"Nimesema nimeona, Baba Dunia. Lala."

Alilala pale pale mkekani kwa ubavu, akihema. Leonia alichukua upande wa kitenge chake akampangusa shingo. Mama aliacha kupepeta, akaingia ndani. Mimi nilipaswa kuondoka pia lakini nilibaki.

"Ungeniambia," Leonia akasema. "Nilikuvua shati la damu hospitali, nikakuosha. Kwa hili ndiyo ulishindwa kuniambia?"

Bonifasi alikunja magoti, akayafumba macho.

"Toka siku ya kwanza ulinijua kwa kula," akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Njaa ndiyo iliyokuwa inanirudisha nyumbani kila mchana, wewe mwenyewe ulikuwa unawaambia watu hivyo na kucheka. Nikaogopa. Ukijua haipo tena, utajiuliza huyu sasa anarudi kufanya nini."

"Na wewe unajua unarudi kufanya nini?"

"Nimepanda pikipiki mpaka Simbo, Leonia," akasema. "Sina njaa."

Dada yangu alikaa akipangusa, ingawa jasho lilikuwa limekwisha. Kisha akaisogeza ile sahani nyuma yake, isionekane, akauliza anatakiwa kula tena saa ngapi.

"Saa nane."

"Vijiko vingapi?"

"Kumi. Nikiweza."

"Basi nitakaa hapa," Leonia akasema.